Tarehe 13 ya mwezi wa saba: Koffi, wenzake, na karatasi yangu



Nilikuwa nimeahidi kuandika juu ya mbegu za mpunga. Hiyo itakuja, musikasirike. Leo minaleta jambo lingine, lililonikamata mwezi uliopita nikiwa nimekaa kwenye benchi inje ya ofisi moja hapa Kisangani, dosie mkononi, toka asubui mpaka jua la saa nane.

Sababu ya kukaa pale ni hii. Diploma yangu inasema nilizaliwa Bengamisa 12/07/1997. Kadi yangu ya uchaguzi inasema 07/12/1997. Yule aliyeiandika aligeuza siku ikawa mwezi na mwezi ukawa siku, na mimi ile siku niliitia mfukoni bila kuisoma, juu nilikuwa na furaha ya kupata karatasi yenye picha yangu. Miaka ikapita. Halafu mradi mmoja ukatafuta agronome wa kufuata wakulima wa barabara ya Buta, ni kusema kwetu kabisa, watu ninaowajua kwa majina na kwa mashamba. Nikaweka dosie. Ikarudi. Wakasema karatasi mbili zile ni za watu wawili. Mpaka nipate mtu wa kunisikiliza, kazi ilikuwa imekwisha kwenda kwa mwingine.

Sasa inapaswa tribinali irekebishe, na tribinali inataka ushuhuda. Kitabu cha materniti ya wakati ule hakiko tena, mchwa walikimaliza zamani. Nikamwuliza mama kwa telefone: utasema nini mbele ya juji? Akacheka.

"Nitasema kweli. Ulizaliwa siku moja mbele ya anivesere ya Koffi. Kesho yake bavijana bakapiga Koffi mpaka asubui, mi na weye hatukulala."

Wale wa umri wangu hawawezi kukumbuka, lakini wakubwa wanajua 1997 ilikuwa mwaka gani kwetu. AFDL iliingia Kisangani tarehe 15 mwezi wa tatu. Watu walikuwa wamekimbilia porini, wengine hawakurudi. Kama mwezi wa saba vijana wa Bengamisa walikuwa wamepata tena pile za radio na roho ya kucheza usiku mzima, mama hawezi kusahau tarehe hiyo. Mimi ninamwamini kuliko kitabu.

Lakini nikiwa pale kwenye benchi nilifikiri jambo la ujinga kidogo. Kama ningalikawia tumboni siku moja tu, nisingalipoteza kazi. 13/07 haigeuziki: hakuna mwezi wa 13. Nikafungua telefone na mega kidogo nilizokuwa nazo, nikaanza kutafuta ni nani wengine walibahatika kuzaliwa siku hiyo. Njo hapo historia ilipoanza.

Tuanze na mtoto wa hapa. Antoine Christophe Agbepa Mumba, ambaye dunia inamwita Koffi Olomide, alizaliwa katika mji huu, wakati ulikuwa bado unaitwa Stanleyville, tarehe 13 mwezi wa saba 1956. Ilikuwa siku ya ijumaa. Ukitaka, hesabu kwa kalenda, mimi nilihesabu mara mbili. Lakini hata bila kalenda, siku iko ndani ya jina. Koffi ni jina la Waakan, wale wa Ghana na Côte d'Ivoire: mtoto mwanaume akizaliwa ijumaa anaitwa hivyo, na mama yake ndiye aliyempa. Kofi Annan vilevile: alizaliwa ijumaa tarehe 8 mwezi wa ine 1938, pamoja na pacha wake wa kike, Efua, na Efua nalo ni jina la ijumaa. Waswahili wa pwani, kule Zanzibar na Mombasa, wana desturi ya karibu: wana Juma, wana Khamisi. Mopao angalizaliwa kwao angaliitwa Juma, na sijui kama Juma Olomide angalijaza Bercy.

Mimi ninaona kuna akili kubwa katika desturi hiyo. Karatasi inaliwa na mchwa. Jina linaitwa kila siku, na jirani, na mwalimu, na mtu wa deni, na hakuna karani anayeweza kugeuza ijumaa ikawa mwezi.

Mengine ya Koffi munayajua. Alisoma uchumi Bordeaux, ni kusema naye ni wa diploma kama sisi. Alipitia kwa Papa Wemba, katika Viva la Musica, halafu akaunda Quartier Latin mwaka 1986. Mwaka 1997, mwaka wangu, alitoa «Loi», na sidhani kuna harusi ya Tshopo iliyopita bila hiyo kwa miaka mingi iliyofuata. Simusifu kwa kila kitu. Mambo yake mengine yalifika mahakamani, Kinshasa na Ufaransa, na si madogo. Hapa ninaongea juu ya siku aliyozaliwa tu.

Na siku hiyo haikuwa siku ya kimya Stanleyville. Mwezi huo huo wa saba 1956, katika mji huo huo, Patrice Lumumba alikamatwa. Alikuwa ametoka kwenye safari ya Ubelgiji, ile ambayo serikali ya koloni iliwapeleka wasomi kutembea, na aliporudi akashitakiwa juu ya pesa za posta ambapo alikuwa akifanya kazi. Alihukumiwa, akafungwa. Alipotoka akaenda Léopoldville, akauza bia, akaingia siasa, na miaka ine tu baada ya kukamatwa kwake alikuwa Waziri Mkuu. Kwa hiyo katika juma moja au mawili ya mwezi wa saba, mji wetu ulikuwa na mtoto mchanga wa ijumaa upande mmoja na karani wa posta aliyetiwa pingu upande mwingine. Hakuna aliyejua kama hao wawili watakuwa majina.

Shika huyo karani akilini, juu anarudi.

Mtu wa pili wa tarehe 13 mwezi wa saba ni Wole Soyinka. Alizaliwa Abeokuta, Nigeria, mwaka 1934, na hiyo nayo ilikuwa ijumaa. Wengi wetu tunamjua kama mwandishi, Mwafrika wa kwanza kupata Nobel ya fasihi, 1986. Lakini kwanza yeye ni mtu wa jukwaa: anaandika michezo, anaiongoza, anacheza. Mwaka 1960, mwaka wa uhuru wa nchi yake na wa yetu, aliunda kundi la michezo lililoitwa The 1960 Masks. Wakati wa vita ya Biafra serikali ilimfunga, toka 1967 mpaka 1969, muda mrefu peke yake katika chumba.

Alipotoka, mwaka 1971, alikwenda Paris kucheza katika mchezo wa Conor Cruise O'Brien, mtu wa Ireland aliyekuwa amefanya kazi ya ONU Katanga mwaka 1961. Mchezo unaitwa «Murderous Angels», na unaongea juu ya Congo: Hammarskjöld upande mmoja, Lumumba upande mwingine. Soyinka alicheza nani? Alicheza Lumumba.

Niliposoma hiyo nilisimama kutoka kwenye benchi, mlinzi akaniangalia. Mtu aliyezaliwa siku moja na Koffi, aliyetoka gerezani juzi juzi, anapanda jukwaani Paris kuwa karani wetu wa posta, yule aliyekamatwa Stanleyville mwezi ule ule Koffi anazaliwa. Najua, ni bahati tu, hakuna mkono uliopanga. Lakini ungalinipa hadithi hii kama filme, ningalisema umeitunga.

Wawili wengine nitapita mbio. Patrick Stewart alizaliwa 1940 Mirfield, Uingereza, mtu wa Shakespeare kwa miaka mingi katika Royal Shakespeare Company, mpaka 1987 alipokuwa kapiteni wa chombo cha angani katika Star Trek. Harrison Ford alizaliwa Chicago 1942. Huyo kabla ya kufahamika alikuwa seremala, alitengeneza makabati na milango ya watu ili kulisha watoto, mpaka Star Wars ya 1977, halafu Indiana Jones 1981. Mimi nilimwona Indiana Jones katika nyumba ya video ya kulipa, televizyo ndogo, kikundi elektrojeni kinapiga kelele inje kuliko filme, na hatukusikia neno hata moja. Tulielewa yote.

Mtu wa hesabu katika chama atanijibu: iko nini cha ajabu? Na ana haki. Ile hesabu tuliifanya katika kozi ya statistiki: ukikusanya watu 23 tu, iko zaidi ya nusu ya bahati kwamba wawili wameshiriki siku ya kuzaliwa. Wakiwa 57, ni 99 kwa mia. Dunia ina wacheza filme na wanamuziki maelfu, siku ni 365, lazima wagongane. Lakini hesabu hiyo inadai kitu kimoja: kila mtu awe na tarehe, na tarehe iwe yake. Chukua liste ya promo yetu. Sisi tulikuwa na watu tisa wa 1 mwezi wa kwanza. Profesa hawezi kueleza hiyo kwa formula. Inaelezwa na karani aliyeuliza "siku gani?", akaambiwa "sijuwe", akaandika ya kwanza iliyomjia.

Tusifikiri ni sisi wa pori tu. Wakubwa wa sinema nao walikuwa na tarehe za kuandikwa, na wawili watatu kati yao walifanya kazi hapa, katika jimbo letu.

Mwaka 1951 John Huston alileta watu wake Stanleyville ili kutengeneza «The African Queen». Walishuka upande wa Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, walikofika kwa gari la moshi lile la kilomita 125 linalozunguka maporomoko ya Boyoma, halafu wakaingia mpaka Biondo, kwenye mto Ruiki, pahali watu wa kwetu walipokuwa wamejenga kambi kwa miti na majani. Walikuwemo Humphrey Bogart, mke wake Lauren Bacall, na Katharine Hepburn. Hepburn alikunywa maji, akapata ugonjwa wa tumbo, akakonda. Bogart na Huston walikunywa whisky, wakabaki wazima. Hepburn aliandika kitabu kizima juu ya safari ile, mwaka 1987. Filme ile ilimpa Bogart Oscar yake moja tu.

Sasa angalia tarehe zao. Bogart alizaliwa siku ya Noeli, 25 mwezi wa kumi na mbili 1899. Watu wengi hawakuamini. Walisema kampuni ya sinema ilimpa Noeli ili mtu wa kucheza majambazi aonekane na moyo. Kumbe ilikuwa kweli: gazeti la mwezi wa kwanza 1900 lilikuwa limetangaza kuzaliwa kwake. Hapo karatasi ilimsaidia mtu.

Kwa Hepburn ilikuwa kinyume. Miaka mingi sana kila mtu aliandika kwamba alizaliwa tarehe 8 mwezi wa kumi na moja. Si kweli. Alizaliwa tarehe 12 mwezi wa tano 1907. Ile ya mwezi wa kumi na moja ilikuwa siku ya kaka yake Tom. Mwaka 1921 Tom alikutwa amekufa, amejinyonga, na aliyemkuta ni Katharine mwenyewe, msichana wa miaka 13. Toka hapo akachukua siku ya kaka yake akaifanya yake. Alisema ukweli mwaka 1991 tu, katika kitabu cha maisha yake, akiwa na miaka 84. Kwa hiyo yule mama aliyekuwa anatapika kule Biondo mwaka 1951, karatasi zake za magazeti zilikuwa na tarehe ya marehemu. Hakukosea karani. Alichagua yeye, ili ile siku iendelee kufetiwa na mtu.

Juu ya hiyo sina mzaha. Mimi pia nina kaka aliyezikwa Bengamisa, na mama hataji siku yake.

Miaka saba baadaye, mwanzo wa 1958, sinema ilirudi. Safari hii ni «The Nun's Story», ya Fred Zinnemann, na Audrey Hepburn ndiye sista. (Si ndugu ya Katharine, wamepatana jina tu, ingawa wote wawili ni wa mwezi wa tano, Audrey ni wa tarehe 4.) Walifanya kazi Stanleyville na Yakusu, pale daktari Stanley Browne alipokuwa akitibu ukoma. Daktari wa ndani ya filme alichezwa na Peter Finch, aliyezaliwa tarehe 28 mwezi wa tisa 1916, siku moja na Marcello Mastroianni wa 1924 na Brigitte Bardot wa 1934.

Lakini kwa Finch si kuzaliwa kulikonishika. Bogart alikufa tarehe 14 mwezi wa kwanza 1957. Finch alikufa tarehe 14 mwezi wa kwanza 1977, miaka 20 kamili. Wote wawili Los Angeles, wote wawili wana Oscar ya mchezaji bora mwanaume, ya Finch ikitolewa wakati yeye yuko tayari kaburini, na wote wawili walipita kwenye matope ya Tshopo. Hatuna hata kibao kimoja cha kusema hivyo.

Na watu wetu? Katika «The Nun's Story» kuna Waafrika wawili wenye majina ya kuandikwa, Kalulu na Illunga. Kalulu alichezwa na Orlando Martins, Mnigeria aliyezaliwa Lagos mwaka 1899, mwaka mmoja na Bogart. Illunga alichezwa na Errol John wa Trinidad. Wale wa hapa, wapiga kasia, wagonjwa, mama wa sokoni, waliojenga kambi ya Biondo, wanaonekana kwenye picha, nyuso wazi kabisa, na hakuna jina lao. Ukiwa huna jina, nani atatafuta siku yako? Wako ndani ya sinema mbili kubwa za dunia kama "wenyeji". Mimi nikiziangalia huwa ninasimamisha picha hapo, ninatafuta sura za kwetu.

Niongeze moja kabla ya kurudi tribinali. Papa Wemba, aliyecheza pia filme, «La Vie est belle» ya 1987, na aliyekufa juu ya jukwaa Abidjan mwaka 2016, alizaliwa tarehe 14 mwezi wa sita 1949. Hiyo ndiyo tarehe ya Che Guevara, 1928, ambaye alipigana upande wa Fizi mwaka 1965. Lakini Jon Lee Anderson, aliyeandika maisha ya Che, anasema alizaliwa mwezi mmoja mbele, tarehe 14 ya mwezi wa tano: wazazi walisogeza tarehe kwenye cheti, juu mama alikuwa na mimba siku ya ndoa. Munaona? Hata comandante alikuwa na shida ya cheti. Yeye hakukosa kazi.

Sasa mimi. Nilipanda kwenda Bengamisa kumleta mama. Usiku, tumekaa inje, nikawaeleza yote hii, Koffi, Soyinka, yule mzungu wa Noeli. Baba alisikiliza kimya. Kwenye kadi yake imeandikwa 1956, 1 mwezi wa kwanza. Mwaka anaujua, juu kaka yake mkubwa alianza masomo mwaka ule. Siku haijui. Anajua tu alichoambiwa na bibi: kwamba mpunga ulikuwa umekauka shambani, ndege wameanza kushuka, uchungu ukamkamata hapo hapo, na shangazi ndiye aliyemaliza kukata.

Wandugu wa agro, munaona tayari nilikokwenda. Nikachukua karatasi. Kwetu msimu wa kwanza unapandwa toka katikati ya mwezi wa tatu. Mpunga wa siku 120. Ukipanda tarehe 15 ya mwezi wa tatu, unahesabu 120, unaangukia wapi? Unaangukia tarehe 13 ya mwezi wa saba. Mwaka 1956. Nilihesabu kwa vidole tena mbele yao, mwanga wa telefone, mama anashangaa.

"Baba," nikamwambia, "inawezekana kabisa weye na Koffi ni siku moja. Nikienda tribinali niombe na yako?"

Baba alifikiri. Akatupa kijiti motoni.

"Hapana," akasema. "Bibi yako alikuwa anachelewaka kupanda."